Kuongoza Wafanyakazi Bila Kuwavunja Moyo: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Biashara Uganda

Mwongozo huu ni wa mtu anayeongoza watu kati ya 5 na 40: mwenye hoteli ya chakula Jinja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Arua, msimamizi wa kiwanda cha kukoboa kahawa Masaka, mkuu wa shule binafsi Mbale. Mwenye watu 400 ana idara nzima ya utumishi. Wewe una daftari, simu na kelele za mlangoni.

Kabla ya hatua yoyote, elewa nini kinatangulia nini. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waligundua kwamba yaliyowaudhi watu kazini hayakuwa kinyume cha yaliyowafurahisha, bali mambo mengine kabisa. Mshahara, usimamizi, taratibu za ofisi na mazingira ya kazi viliudhi vilipokuwa vibaya, na vilipotengenezwa viliondoa manung'uniko, basi. Kilichotia ari ni kazi yenyewe, kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa madaraka na kukua. Wengine wamemkosoa Herzberg kwa namna alivyouliza maswali yake, lakini mpangilio huo unafaa sana kwa biashara ndogo: ziba panapovuja kwanza. Anayechelewesha mshahara wiki tatu, kisha akawagawia watu fulana zilizoandikwa "Sisi ni familia", anateka maji kwa pakacha.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kutibu

Chukua daftari moja, na kwa wiki nne andika mambo manne tu: nani kachelewa na kwa dakika ngapi, nani hakuja na alitoa sababu gani, nini kimeharibika au kurudishwa na mteja, na nani kaacha kazi. Usimgombeze mtu kwa yaliyomo. Daftari hili linakupa namba za kuanzia. Bila hizo, baada ya miezi mitatu utabaki kusema "naona kama wamebadilika".

Katika wiki hizohizo, zungumza na kila mmoja peke yake kwa dakika 20, mbali na msimamizi wake. Maswali matatu yanatosha. Ni kitu gani hapa kinakupotezea muda kila siku? Mara ya mwisho kutaka kuacha kazi ilikuwa lini, na kwa nini? Ungekuwa mwenye biashara, ungerekebisha nini kwanza? Swali la pili ndilo lenye mali, kwa hiyo likijibiwa kwa kusitasita, nyamaza kidogo na umwache mtu aendelee.

Chagua lugha kwa makini. Mtu akiulizwa na bosi kwa Kiingereza cha ofisini hujibu "hakuna shida" na kuondoka. Bosi wa Masaka na fundi wa Gulu wakizungumza Kiswahili, wote wawili wako ugenini, na hilo lenyewe hupunguza ukubwa wa meza iliyo kati yao.

Kosa linaloua hatua hii ni kuuliza halafu kukaa kimya. Ndani ya siku 7 tangu mazungumzo ya mwisho, rekebisha jambo moja linaloonekana na useme limetokana na maoni yao. Mara nyingi ni dogo kwa aibu: komeo la choo, glavu, ndoo ya maji ya kunywa, taa ya kwenye ngazi.

Hatua ya 2: Mshahara uwe na tarehe

Uganda haina kima cha chini cha mshahara kinachofaa kutegemewa. Kiwango kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, nacho ni cha mwaka 1984. Maana yake, kiwango unakiweka wewe, na wafanyakazi wanakilinganisha na cha jirani yako. Uliza biashara tatu za aina yako mjini zinalipa ngapi. Ukiwa chini ya zote tatu, hatua zinazofuata hazitakusaidia sana.

Baada ya kiwango inakuja tarehe, nayo ina uzito kuliko wenye biashara wengi wanavyodhani. Mtu anayelipwa 450,000 kila tarehe 28 anaweza kupanga kodi ya nyumba na karo. Anayelipwa 500,000 "pesa ikiingia" hukopa kwa riba katikati ya mwezi, na ile 50,000 ya ziada huishia kwa mkopeshaji.

Fedha ya mishahara isingoje mwisho wa mwezi. Tuseme una watu 12 wa shilingi 500,000 kila mmoja, yaani 6,000,000. Mchango wako wa NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, kwa hiyo ongeza 600,000. Gawanya 6,600,000 kwa wiki nne, na kila Jumatatu weka 1,650,000 kwenye akaunti ambayo haina kazi nyingine. Wiki ambayo pesa hiyo haipatikani, umejua mapema kwamba kuna tatizo, na ikiwa ni wiki ya kwanza, una wiki tatu za kulishughulikia badala ya siku moja.

Mfanyakazi naye hukatwa asilimia 5 ya NSSF. Kwa mshahara wa 500,000, yeye anatoa 25,000, wewe 50,000, na jumla ya 75,000 ifike kwa mfuko kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, wajibu huu ni wa kila mwajiri, hata mwenye mtu mmoja. Kodi ya PAYE, yaani kodi ya mapato ya mshahara, nayo hukatwa kwa viwango vya URA (mamlaka ya mapato) vya mwaka husika. Mpe kila mtu karatasi ya mshahara yenye mistari hiyo yote. Makato yasiyoelezwa huonekana wizi, hata yakiwa halali.

Ukilipa kwa simu, amueni mapema nani anabeba gharama ya kutoa pesa. Tangu mwaka 2018 kuna tozo ya asilimia 0.5 kwa anayetoa: kwa 500,000 ni shilingi 2,500, bado ada ya kampuni ya simu. Ni pesa ndogo kwako, lakini mtu aliyeahidiwa 500,000 akashika pungufu huikumbuka kila mwezi.

Advansi iwe na kanuni iliyobandikwa ukutani: siku moja tu ya mwezi, tuseme tarehe 15, isizidi theluthi ya mshahara, na imalizike mwezi huohuo. Bila kanuni, anayejua kulia ndiye anayepata, na mwenye haya anaona kwamba uaminifu wake haumlipi.

Halafu kuna posho. Kwa Kiswahili cha Dar au Mombasa posho ni fedha ya kujikimu; kwa Uganda posho ni ugali. Ukiandika kwenye mkataba "atapewa posho ya mchana", mmoja atangoja pesa, mwingine atangoja sahani yenye maharage. Andika wazi: "chakula cha mchana" au "shilingi kadhaa kwa siku".

Hatua ya 3: Bwana mmoja, karatasi moja

Mfaransa Henri Fayol aliandika kanuni 14 za uongozi mwaka 1916, na mojawapo ndiyo inayovunjwa kila siku katika biashara za familia: mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mtu mmoja. Mwenye duka anamtuma kijana akapakie saruji, mkewe anamwita afagie, shemeji anampa funguo za gari akamletee dawa. Jioni saruji haijapakiwa na wote watatu wamekasirika. Kijana huyo hujifunza jambo moja tu: kujificha.

Kaeni kama wenye biashara, mgawane watu kwa majina. Anayetaka kumtumia mtu wa mwenzake apitie kwa mwenzake. Wiki mbili za kwanza zitakuwa ngumu kwenu kuliko kwa wafanyakazi.

Kisha andika karatasi moja kwa kila nafasi. Iwe na kazi 5 hadi 7, si 20. Jina la anayempa amri. Namna kazi nzuri inavyopimwa. Na maamuzi anayoweza kuyafanya bila kuuliza, kwa kiwango cha shilingi. Kwa keshia wa hoteli ya chakula, mstari huo wa mwisho unaweza kusomeka hivi: "Anaweza kumrudishia mteja hadi shilingi 20,000 kwa chakula kibaya bila kumpigia meneja, na ataandika kwenye daftari." Mstari huo mmoja hutia ari kuliko hotuba ya saa nzima, kwa sababu unamwambia mtu kwamba akili yake inaaminiwa hadi shilingi 20,000. Pandisha kiwango baada ya miezi sita ikiwa daftari liko safi.

Unapoandika karatasi hiyo, maliza pia wajibu wa kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mfanyakazi apewe masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12. Saa za kawaida hazizidi 48 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na sikukuu ya kitaifa mara mbili. Baada ya siku sita mfululizo, mtu apumzike saa 24. Likizo ya mwaka huhesabiwa siku 7 kwa kila miezi minne, yaani siku 21. Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi, na ya baba ni siku 4 za kazi. Kibarua asiwekwe zaidi ya miezi minne bila mkataba wa maandishi. "Kibarua wa miaka miwili" ni kesi inayosubiri siku yake.

Hatua ya 4: Chunga unachokipima, maana ndicho utakachopata

Tazama kibanda cha kuchambulia kahawa. Kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na ganda lake, imeshakobolewa. Wanawake 12 wameketi kwenye mikeka, kila mmoja na gunia la kilo 60, na wanalipwa kwa kilo. Mkono wenye haraka huruka buni nyeusi, buni zilizotobolewa na wadudu na vipande. Kijiwe chenye rangi ya buni hubaki humohumo. Kilo zinapanda, mnunuzi anakata bei, bosi anasema wafanyakazi siku hizi ni wavivu. Si wavivu hata kidogo. Wamefanya kile hasa walicholipiwa.

Marekebisho yake ni haya. Gawa malipo sehemu mbili: kama bei ni shilingi 200 kwa kilo, 140 ilipwe kwenye mzani na 60 ilipwe gunia likipita ukaguzi. Chota gramu 300 kutoka juu, katikati na chini ya gunia, zimwage kwenye sinia jeupe na uhesabu kasoro mbele ya aliyechambua. Idadi inayokubalika itokane na masharti ya mnunuzi na iandikwe ubaoni kwa chaki, kila mtu aione. Gunia likikataliwa, lirudi kwa mwenyewe alichambue upya, bila faini. Kurudia kazi kunatosha kufundisha.

Bado kuna mtego ambao wasimamizi wengi hawauoni. Magunia hayalingani. Gunia chafu huchukua karibu muda maradufu wa gunia safi, na bei ya kilo ni ileile. Kama nyapara ndiye anayegawa, wanaoelewana naye watapata masafi, na hakuna bonasi itakayofuta hilo. Gawa kwa kura asubuhi, vipande vya karatasi ndani ya kofia. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia John Stacey Adams alieleza kwamba mtu hulinganisha anachotoa na anachopata na vile vya mwenzake, na akiona amepunjwa hupunguza juhudi hadi hesabu imkae sawa. Kibandani huhitaji nadharia kuliona: mwenye gunia chafu huenda maliwatoni mara nyingi.

Hali hiyohiyo iko kwingine. Muuzaji akipimwa kwa mauzo pekee atakopesha wasiolipa. Bodaboda wa kupeleka mizigo akipimwa kwa safari atavunja mayai. Kila kipimo cha wingi kipewe mwenzake wa ubora, na vipimo kwa mtu mmoja visizidi vitatu.

Hatua ya 5: Sifa hadharani, marekebisho faraghani

Sifa itolewe siku hiyohiyo na itaje kitendo. "Kazi nzuri" haimwambii mtu arudie nini. "Dada Aisha, yule mteja aliyekuja akifoka umempa kiti na maji kabla ya kumjibu, ndiyo maana ameondoka akicheka" — hapo Aisha na wenzake wote wamefundishwa. Mara moja au mbili kwa wiki kwa kila mtu inatosha. Ikizidi huonekana ya bei rahisi.

Marekebisho yana sehemu tatu: ulichokiona, madhara yake, na unachotaka kuanzia kesho. "Mzee Okello, leo geti limefunguliwa saa mbili na robo badala ya saa moja na nusu. Lori la mchanga limegeuza, tumelipa safari mbili. Kesho geti liwe wazi saa moja na nusu. Kuna kinachokuzuia?" Swali la mwisho si adabu tu. Huenda ufunguo unakaa kwa mtu anayefika saa mbili. Na mwite "mzee" hata ukiwa umekasirika: anayemvunjia heshima mtu mzima mbele ya vijana amewavunjia heshima na vijana, maana wanajua zamu yao inakuja.

Hatua ya 6: Bonasi, kwa uangalifu

Victor Vroom mwaka 1964 aliliweka suala hili katika maswali matatu ambayo mfanyakazi hujiuliza kimyakimya. Nikijitahidi, nitaweza? Nikiweza, nitapewa kweli? Nikipewa, kitanifaa? Majibu huzidishwa, hayajumlishwi: sifuri moja huua yote. Ndiyo maana cheti cha "Mfanyakazi Bora" kilichobandikwa ukutani hakimsogezi mtu mwenye deni la karo.

Weka bonasi kwa kikundi cha watu 5 hadi 8 wanaoonana wakifanya kazi. Kikundi kikubwa huficha wategezi, na bonasi ya mtu mmoja huzaa hujuma. Hesabu ieleweke bila kikokotoo. Tuseme jikoni vyakula vilivyoharibika vilikuwa vya 600,000 kwa mwezi na sasa ni vya 300,000. Nusu ya kilichookolewa, yaani 150,000, igawiwe watu 6: kila mmoja 25,000. Ilipwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kufungwa, kando na mshahara, ili iitwe kwa jina lake. Ikichanganywa na mshahara, mwezi isipopatikana watu watasema umekata mshahara.

Usilipie yale ambayo watu hufanya kwa moyo. Edward Deci mwaka 1971 aliwapa wanafunzi chemshabongo; waliolipwa walipungukiwa na hamu ya kuzichezea baada ya malipo kukoma. Fundi anayemfundisha mgeni kwa hiari, mshukuru na umpe jina la mwalimu. Ukimwekea shilingi 5,000 kwa somo, siku isipokuwepo hafundishi.

Zawadi za sikukuu ziwe sawa kwa thamani: kilo 5 za mchele na 2 za sukari kwa anayesherehekea Idd siku ya Idd, na kwa anayesherehekea Krismasi siku ya Krismasi. Zikitolewa miaka mitatu mfululizo huhesabiwa haki, kwa hiyo usianze kwa kiwango usichokiweza mwaka mbaya.

Hatua ya 7: Kumkuza mtu

Chora jedwali ukutani: majina upande mmoja, kazi upande mwingine. Weka nukta moja kwa anayejifunza, mbili kwa anayeweza peke yake, tatu kwa anayeweza kufundisha. Kazi yenye mtu mmoja tu wa nukta mbili ni hatari, akiugua, unafunga. Kila robo ya mwaka, kila mtu aongeze nukta moja, na nyongeza ya mshahara ya kufikia nukta tatu iandikwe mapema. Wenye biashara huogopa kwamba aliyefundishwa ataondoka. Huondoka zaidi aliyefundishwa akabaki na mshahara uleule.

Hatua ya 8: Nidhamu inayotabirika

Anza na onyo la mdomo, kisha la maandishi, kisha kikao. Adhabu itolewe ndani ya siku 15 tangu ujue kosa. Ukikaa nalo, sheria huhesabu umesamehe. Kumsimamisha mtu kwa uchunguzi kusizidi wiki 4, naye alipwe nusu mshahara. Kabla ya kumfukuza, mpe tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa, na nafasi ya kuja na mtu amtakaye. Ukiruka kikao hicho, unaweza kudaiwa mshahara wa wiki 4 hata kama kosa lilikuwa la kweli.

Usikate mshahara kwa bilauri iliyovunjika. Sheria imetaja makato yanayoruhusiwa, na bilauri haimo. Isitoshe, aliyekatwa hatafichua kosa tena: wiki ijayo vipande vitatupwa nyuma ya ukuta na hutajua unapoteza kiasi gani.

Notisi ya kumwachisha mtu kazi ni wiki 2 kwa aliyepita miezi 6 ila hajafika mwaka, mwezi 1 kuanzia mwaka hadi miaka 5, miezi 2 kutoka miaka 5 hadi 10, na miezi 3 kwa aliyezidi hapo.

Hatua ya 9: Rudi kwenye daftari

Usifanye hatua zote kwa pamoja. Mwezi wa kwanza ni wa kupima na kuweka tarehe ya mshahara. Wa pili ni wa karatasi za kazi, vipimo, na sifa na marekebisho. Bonasi na jedwali la mafunzo vianze mwezi wa tatu.

Wiki ya pili ya badiliko lolote namba zitapendeza. Usishangilie bado. Katika majaribio ya kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kati ya 1924 na 1932, uzalishaji ulionekana kupanda taa zilipoongezwa, na kuna nyakati ulipanda hata zilipopunguzwa. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu sababu, ila wengi walieleza kwamba watu walikuwa wakijua wanatazamwa. Ngoja wiki 12, fungua ukurasa wa kwanza wa daftari, na ulinganishe mstari kwa mstari.

Uchelewaji ukipungua lakini watu bado wanaacha kazi, gawanya majina ya walioacha kwa msimamizi wao. Wengi wakitoka chini ya mtu mmoja, kaa naye kwa dakika 20, na maswali matatu yaleyale.